Nembo ya ukoo wetu: msalaba wa mtandaoni au chale za Bibi?

Shangazi, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla ya Desemba, maana nyumbani sasa tunapitana mlangoni bila kusemezana.

Sisi ni Wamakonde wa Kwale. Babu alitoka Msumbiji, kwenye nyanda za juu za Mueda, akaja kukata mkonge Vipingo, kisha akahamia Ramisi kwenye miwa, na upande huo ndiko alikozikwa. Bibi yuko hai. Umri wake hakuna anayeujua kwa hakika, ila amepita miaka 85. Alizaa watoto 7, wamebaki 4. Sisi wajukuu tumekua tukiyaona mambo ya kuishi bila kitambulisho: mama yangu alifika miaka 50 na kitu kabla hajaweza kufungua akaunti ya benki au kusajili laini ya simu kwa jina lake. Mwaka 2016 watu wetu walipotembea kwenda Nairobi kudai haki ya uraia, mjomba wangu alikuwamo. Bibi alipopata kadi yake aliishika mkononi siku nzima, hata kula alikula kwa mkono mmoja.

Desemba hii ukoo mzima unakutana kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na ninachora, kikao kilinipa kazi ya kubuni nembo ya ukoo. Itachapwa kwenye fulana, ishonwe kwenye bango, na baadaye ichongwe kwenye kaburi la Babu.

Kabla sijashika penseli, kaka yangu aliyeko Nairobi akalipa pesa mtandaoni, akaletewa "Nembo ya Ukoo wa Pereira". Pereira ndilo jina letu. Babu alilipata alipobatizwa misheni, na hata sisi watoto wa binti zake tuliandikishwa shule kwa jina hilo. Nembo yenyewe ni ngao nyekundu yenye msalaba mweupe, juu yake kofia ya chuma, na imekuja na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Kaka anasema hiyo ndiyo asili yetu, imo vitabuni, na ina heshima. Ameshaagiza fulana za mfano.

Mimi nilikuwa nafikiria uso wa Bibi. Bibi ana chale, mistari ya pembepembe kwenye paji la uso na mashavuni, na kovu la tundu la ndonya, kile kipambo cha mti, kwenye mdomo wa juu. Nilichora ngao yenye uso wake kutoka kwenye picha, nikawaonyesha watu sebuleni. Mama mdogo akalia. Alisema walipokuwa shule walizomewa kwa ajili ya uso wa mama yao, wakawa wanamwomba asije siku za wazazi, na leo mimi nataka kuubandika uso huo kifuani mwa kila mtu. Mjomba, ambaye ameokoka, akasema chale ni mambo ya kishetani na fulana hiyo hataivaa. Bibi alikuwa amekaa palepale, na hakusema neno. Yeye hata ukimjulia hali, hasemi mzima wala mgonjwa. Husema tu, "Tupo."

Shangazi, msalaba ule ni wetu kweli? Kama si wetu, nitamwambiaje kaka, maana nusu ya gharama za mkutano analipa yeye? Na mtu asiyesomea elimu hii hubunije nembo? Kuna mahali pa kuisajili?

Mjukuu wa Mkata Mkonge, Kwale


Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale Bibi alipokula kwa mkono mmoja ili asiiachie kadi. Nitarudi hapo, maana ndipo ninapomwona kaka yako pia.

Tuanze na msalaba. Si wenu. Huko London kuna College of Arms, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1484, ambayo hadi leo inatoa nembo na kutunza kumbukumbu zake. Kwao nembo hupewa mtu na kizazi chake, haipewi jina. Watu elfu moja wanaweza kuwa na jina moja na mmoja tu kati yao akawa na ngao. Hao wengine hawana haki nayo hata wakiinunua. Duka la mtandaoni haliangalii hayo. Unaandika jina, unatoa pesa, unapokea cheti, na nyuma ya cheti hicho hakuna ofisi yoyote.

Wapereira wenye ngao ile walikuwapo kweli, huko Ureno. Katika kasri la Sintra kuna ukumbi ambao mfalme Manuel wa Kwanza aliupamba mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ngao za koo 72 za makabaila wake, na Pereira ni mojawapo. Manuel huyo ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa na kisha Malindi mwaka 1498. Hebu mwambie kaka yako aitazame safari hiyo ya jina. Lilivuka bahari na watu waliokuja kutawala, likapita misheni, likamfikia kijana wa Kimakonde ambaye tayari alikuwa na ukoo wake. Babu alilichukua, akalitolea jasho Vipingo na Ramisi, akawaachia nyinyi. Sasa ni jina lenu, na likae kwenye vitambulisho vyenu na kwenye kaburi lake. Ngao ya makabaila wale haikuja pamoja nalo.

Kuna na jambo jingine zito zaidi. Nembo za Ulaya kwa desturi hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Wamakonde kwa mila yao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Watu watakaokusanyika Desemba, kwa maelezo yako mwenyewe, wote wametoka kwa mwanamke mmoja, naye yuko hai, amekaa sebuleni anawasikiliza mkigombana. Huo ni ukoo wa Bibi.

Kwa hiyo wewe ulikuwa karibu na ukweli kuliko kaka yako. Hata neno lenyewe liko upande wako. Leo tukisema nembo tunafikiria ngao ya taifa au alama ya benki, lakini kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza nembo kuwa ni chale za kumtambulisha mtu na kabila lake. Watu walichanja nembo kabla hawajaanza kuchapa nembo. Na Wamakonde wa Msumbiji chale zao huziita dinembo. Fundi alichanja kwa kisu kidogo, akasugua masizi ya mbegu za mbarika ndani ya jeraha, na wanaume kwa wanawake waliotoka kwake walitambulikana popote walipokwenda. Wachongaji wa vinyago vya mapiko nao waliweka mistari hiyohiyo kwenye sura za miti, mara nyingine kwa nta. Ulaya, ngao ilianza kuchorwa alama katika karne ya 12, wakati askari alipokuwa amefunikwa chuma na uso wake hauonekani vizuri. Walihitaji pa kuandika wao ni nani, wakaandika kwenye ngao. Watu wa Bibi waliandika usoni. Kazi ni moja.

Lakini mwanangu, kuna kosa umelifanya, na lazima nikwambie. Ulichora uso wa mtu aliye hai kutoka kwenye picha, ukauonyesha mbele yake na mbele ya watoto wake, bila kumwuliza. Chale zile aliyezivumilia maumivu yake ni yeye, na aliyezomewa kwa ajili yake ni yeye pamoja na binti zake. Mama mdogo hakuwa analia juu ya mchoro. Alikuwa analia juu ya siku ile ya wazazi alipomwomba mama yake abaki nyumbani, na mama akabaki. Hilo mtu halisahau, hasa likiwa kosa lake mwenyewe.

Nenda kwa Bibi peke yako, asubuhi, wakati ana nguvu. Usiende na karatasi. Mwulize nani alimchanja, wapi, na alikuwa na umri gani. Mwulize mstari upi ulitangulia na unaitwaje. Nani mwingine alikuwa na mistari kama yake, mama yake? Dada zake? Babu je, naye alikuwa nayo? Akikubali, rekodi sauti yake kwa simu. Mwisho kabisa ndipo umwulize: tunaruhusiwa kuutumia mstari mmoja? Akikataa, basi imekwisha, unafunga daftari na nembo yenu inakuwa ya mkonge na mpingo. Akikubali, mwombe akuchagulie yeye. Mkabidhi penseli. Hata mkono ukitetemeka, huo ndio mstari utakaoufuata.

Naomba pia uuache uso. Chukua mstari peke yake. Mama mdogo hatavaa sura ya mama yake kifuani, atavaa alama, na kati ya hivyo viwili kuna umbali ambao moyo wake unauhitaji. Mjomba naye itamsaidia. Kwa Wamakonde mjomba ana sauti yake, usimzunguke wala usibishane naye maandiko. Mwonyeshe kwamba mstari wa pembe unaoelekea juu, kama paa la nyumba, upo kwenye ngao za Wazungu wenyewe tangu zamani, nao huuita chevron. Mimi siamini kwamba chale zilikuwa za shetani. Zilikuwa pambo na kitambulisho cha watu ambao hakuna serikali iliyowapa kitambulisho. Ila hilo mjomba aliyetembea kwa miguu mwaka 2016 anaweza kulifikia mwenyewe, ukimpa nafasi.

Sasa ubunifu. Usiogope, kanuni zake hazizidi akili ya mwalimu.

Kubwa kuliko zote ni ya rangi. Elimu ya nembo hugawa rangi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni metali mbili, dhahabu ambayo waweza kuichora njano, na fedha ambayo waweza kuichora nyeupe. La pili ni nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na zambarau. Rangi haikai juu ya rangi, na metali haikai juu ya metali. Nyekundu juu ya nyeusi ukiwa mbali haisomeki; nyeupe juu ya nyeusi inasomeka hata ukiwa upande wa pili wa uwanja. Itazame mistari ya bendera ya Kenya: mweusi, mwekundu na wa kijani haigusani, imetenganishwa na utepe mweupe. Mkiichapa nembo ndogo kwenye mfuko wa fulana ndipo utakapoona faida ya jambo hili.

La pili, vitu viwe vichache. Mwaka 2011, kabla ya Kate Middleton kuolewa na Prince William, familia yake ilibuniwa nembo na College of Arms. Wangeweza kujaza mataji. Waliweka matunda matatu ya mti wa mwaloni, moja kwa kila mtoto wa nyumba ile, kwa kuwa mialoni ni mingi katika eneo walikokulia. Na katikati wakapitisha chevron ya dhahabu, kwa sababu jina la ukoo la mama yao, Goldsmith, maana yake ni mfua dhahabu. Mtu akiuliza, mtoto wa miaka 8 anaweza kumweleza.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ngao nyeusi, kwa ajili ya mpingo ambao Wamakonde wameuchonga hadi dunia ikawajua. Katikati mstari wa Bibi kwa rangi ya fedha, kama alivyouchora yeye. Chini yake shina la mkonge la dhahabu lenye majani 7. Saba, mwanangu, usiweke manne. Hesabu aliowazaa, maana wale watatu walioondoka nao ni wa mkutano huu, na siku Bibi atakapoyahesabu yale majani kwa kidole utajua kwa nini nimesisitiza. Mkonge ni wa Babu, kwa hiyo na yeye atakuwamo, bila kuhitaji msalaba wa Sintra.

Kofia ya chuma iacheni. Hakuna shujaa wa Kireno kwenu, na nembo ya taifa la Kenya yenyewe haina kofia: ina ngao, mikuki na simba wawili, na chini yake neno Harambee. Simba hao pia usiwaazime, alama za taifa zinalindwa na sheria. Kama unataka kitu juu ya ngao, kuna ile hadithi ya asili ya Wamakonde: mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake porini, alichonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha nje, na kulipokucha ukawa mwanamke hai. Walizaa bondeni karibu na mto, mtoto akafa. Wakazaa tena, akafa. Wakapanda juu kwenye nyanda zenye kichaka kinene, na huko mtoto wa tatu akaishi. Mwanamke wa mpingo aliyesimama wima juu ya ngao ya ukoo wa Bibi angenifurahisha sana. Mjomba akikataa, usimng'ang'anie. Ngao peke yake inatosha.

Kwenye utepe wa chini ya ngao huandikwa wito. Wa kwenu umeshauandika kwenye barua yako na hukuuona. Mwanamke ambaye nchi ilikaa naye miaka na miaka bila kumhesabu, ukimjulia hali anajibu kwamba yupo, tena kwa wingi, yeye na watu wake wote. Andika TUPO. Usiongeze neno.

Ukimaliza kuchora, andika nembo yako kwa maneno: ngao nyeusi, mstari fulani wa fedha, mkonge wa dhahabu wenye majani 7. Katika elimu hii maneno ndiyo nembo yenyewe, na mchoro ni namna moja tu ya kuyatimiza. Fundi wa makaburi ataichonga kwa namna yake, mshonaji wa bango kwa namna yake, na zote zitakuwa sahihi. Karatasi ya maneno hayo tia sahihi, iweke pamoja na rekodi ya Bibi, na nakala wapewe wote wanne waliobaki.

Kuhusu usajili, mahali papo, na hamna haja ya kwenda London. Kenya ina College of Arms yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 na iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, na nembo inazozitoa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kaunti na vyuo vikuu hupita hapo. Kabla ya Desemba haitawezekana, na kwa fulana na bango hamuhitaji kibali cha mtu. Ombi litumwe baadaye, kwa utulivu, wakati ukoo mzima umeshakubaliana.

Na hapo ndipo namrudia kaka yako. Wewe unamwona mtu anayejivunia Ureno. Mimi namwona mtoto aliyelelewa katika nyumba isiyo na karatasi. Aliona mama yake anakataliwa benki. Aliona mjomba anaondoka kwa miguu. Mtu kama huyo ukimwonyesha cheti chenye muhuri wa dhahabu na jina la ukoo wake juu, atalipa pesa bila kuuliza aliyekitoa ni nani. Hakuwa anatafuta msalaba. Alitaka mahali palipoandikwa kwamba nanyi mna asili.

Usimwambie ametapeliwa, tena usimwambie mbele za watu. Mpigie simu jioni, mweleze habari ya Sintra na ya ukoo wa mama, halafu mpe kazi ambayo yeye aliyeko Nairobi anaiweza kuliko wewe: aende mwenyewe kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu aulize fomu, ada na masharti ya kusajili nembo ya ukoo wa Kimakonde wa Kwale. Mwambie cheti hicho kikitoka, yeye ndiye atakayemkabidhi Bibi. Zile fulana za mfano azivae nyumbani, pesa yake isipotee.

Lakini kabla ya simu hiyo, nenda kwa Bibi. Na kama mama mdogo atakubali, mchukue muende wote.